Ndege Wameondoka, Mama Mkwe Anakuja

Jumatatu, 14 Februari 1955

Leo ziwa limeingia nyumbani kwangu. Si maji – maji yatoke wapi? Vumbi lake. Jeupe, laini kama unga, limekaa kitandani, limekaa kwenye vikombe, limekaa juu ya kipara changu. Mastura asema nilipoingia uani nilifanana na andazi ambalo bado halijatiwa kwenye mafuta. Mke ninaye!

Hotelini wamefika wageni wapya, mzee mmoja Bwana Pettifer na mkewe, kutoka Uingereza. Kitabu chao cha safari kimewaambia kwamba Nakuru kuna ziwa la rangi ya waridi, flamingo wamelifunika lote. Nikawapeleka ufukweni. Bibi Pettifer akasimama, akautazama ule weupe mpaka ng'ambo, akaniuliza kwa adabu kabisa ziwa liko wapi. Nikamwambia: umelikanyaga, memsahibu. Akainua mguu mmoja haraka, kama mtu aliyeingia na viatu kwenye zulia la watu.

Hii ndiyo kazi yangu. Nawaendesha watu mpaka mahali ambapo wamekwisha kupaona vichwani mwao, halafu nasimama kando wakati wakilinganisha. Menengai wanataka moshi. Nawaambia mlima ulimaliza moshi wake zamani, wananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeuzima. Maporomoko ya Thomson mwezi huu ni mfereji ambao mtu kasahau kuufunga. Na sasa ziwa lenyewe. Mvua imegoma, maji yamekwenda, ndege wamefuata maji. Au wametangulia, sijui.

Nimerudi nyumbani nimechoka. Mastura ananimiminia chai, anatabasamu. Nikajua kuna jambo.

Mama anakuja, akasema.

Mama yake. Kutoka Mombasa, kwa gari la moshi. Ijumaa!

Nikauliza kuna nini, kuna msiba? Hakuna msiba. Macho. Jicho la kushoto limekwisha zima. La kulia daktari kamwambia linafuata, halina dawa, sasa hivi anaona mwanga na rangi na vitu vikubwa tu. Basi mama kasema kabla halijazima anataka kwenda kuona kitu kimoja. Wanawe wakadhani atasema Makka. Kasema: ndege wa mkwe wangu.

Chai ilinipalia.

Jumatano, 16 Februari

Sijalala vizuri. Nazunguka tu. Hata usukani leo niliushika kama mwiko.

Ngoja niandike ilivyokuwa, nione kama nina kosa. Mwaka juzi arusi ya shemeji yangu, Mombasa. Wanaume tumekaa barazani, nikaulizwa huko bara kuna nini. Nikasema kuna ziwa, ukitupa kofia yako haifiki majini, inabebwa na migongo ya ndege. Nikasema alfajiri wakiruka wote pamoja ni kama mtu kakunja kanga ya rangi ya waridi na kuikung'uta. Watu wakacheka, Alamin bwana! Sikujua kwamba nyuma ya pazia mama mkwe anasikiliza na anaweka moyoni.

Na ilikuwa kweli. Kila neno! Nilisema kweli, na kweli imeruka.

Nimeuliza kila mtu wamekwenda wapi. Karani wa hoteli: Elmenteita. Muuza nyama: ziwa la Magadi, mbali kule kusini. Kiprugut, anayeosha magari hotelini na kuyatengeneza yakikohoa, rafiki yangu: "Ndege haina kipande, Alamin. Inaenda tu." Kweli. Mwaka huu wa hali ya hatari, wa vizuizi na pasi, wao peke yao ndio wanaotembea bila ruhusa.

Nimemwambia Mastura: mama akifika tu, mwambie. Mwambie polepole lakini mwambie. Akaitikia haya.

Ijumaa, 18 Februari

Amefika. Treni ilichelewa, mimi nilikuwa stesheni mapema mno, nikanywa soda ambayo sikuitaka.

Akashuka ndani ya buibui lake, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, fimbo mkono mmoja, kapu la samaki wakavu mkono mwingine. Nikatoa shikamoo huku nikitazama chini. Marahaba mwanangu, akasema, akaugeukia upande ambao sauti ilitoka, si mimi hasa. Alinikosea kwa kadiri ya hatua moja, akamwelekea mpagazi. Mpagazi akaitikia salama.

Kwao, na sasa kwetu, mkwe na mama mkwe hawakai wakapiga soga. Hatuli pamoja. Hatutazamani usoni. Nikiwa na neno namwambia Mastura, Mastura anampelekea. Naye akiwa na neno ni hivyo hivyo, hata tukiwa chumba kimoja na sote tumesikia. Nampenda mama huyu, lakini mbele yake huwa bubu. Mimi ninayewapigia Wazungu domo kutwa nzima! Nakuru nzima hakuna mtu avijuaye viatu vyake mwenyewe kama mimi.

Njiani kutoka stesheni akamwambia Mastura: mwulize mumeo, hii harufu ndiyo ya ndege? Ilikuwa harufu ya kiwanda cha pareto. Nikamwambia Mastura amwambie ni pareto, dawa ya kuua wadudu.

"Kumbe mji wenyewe unanuka dawa," akasema mama. "Sawa. Mie nilidhani utanuka baridi."

Jumamosi, 19 Februari

Upepo toka asubuhi. Vumbi la ziwa. Tumeziba madirisha kwa vitambaa, linaingia kwa tundu la ufunguo.

Nilikuwa uani nikisikia sauti ya mama ndani: unga huu wote, leo mnapika nini? Na Mastura, mke wangu, mtu anayeswali: "Vumbi la barabara mama. Malori ya Molo."

Malori ya Molo! Hajamwambia.

Jumapili, 20 Februari

Tumegombana jikoni, kwa kunong'ona, na ugomvi wa kunong'ona unachosha kuliko wa kupiga kelele. Nimemwuliza: nilikutuma nini? Akasema nimempelekea maneno yako. Maneno gani? "Nilimwambia unasema wiki hii una kazi, ziwani tutakwenda baadaye."

Mimi nilisema ziwa limekauka!

Akageuka na mwiko mkononi. "Sikuweza, baba. Ananiuliza kila asubuhi. Anauliza wana miguu mirefu kama alivyosema? Wanalala wamesimama kama alivyosema? Ninafungua mdomo, naona lile jicho moja linavyonitafuta uso. Mwambie wewe."

"Mimi ni mkwe!"

"Basi kaa na ukwe wako."

Nikakaa nao, uani, pamoja na kuku.

Baadaye nikamwendea Kiprugut. Alikuwa chini ya gari, miguu tu nje. Nikaieleza miguu yake shida yangu yote. Halafu sauti kutoka chini: "Hiyo mama haoni mzuri, si ndio? Peleka yeye jioni, saa kumi na mbili. Jua ikienda chini, ile nyeupe inageuka rangi. Wewe unajua hivyo. Sema, mama, hao hapo. Kwisha."

Nikamwambia haifai. Akauliza nani atajua.

Najua ile rangi. Jua likiteremka upande wa Mau, magadi yote yaliyoachwa na maji yanakuwa kama shavu la mtoto. Dakika chache tu. Hata mimi, mwenye macho mawili na miwani ya kusomea, nikiwa mbali hunidanganya.

Nisiandike zaidi.

Jumanne, 22 Februari

Nimeujaribu ujanja wa Kiprugut kwa Pettifer!

Sikukusudia. Au nilikusudia. Walitaka kwenda matembezi ya jioni, nikawapandisha kile kilima cha mashariki ambapo chini unaliona ziwa lote, saa kumi na mbili na kitu. Rangi ikaingia. Sikusema ndege. Nilinyosha mkono tu, nikasema, memsahibu, the lake. Akashika kifua. Akasema kitabu kilikuwa sahihi, kumbe siku ile tulikwenda wakati mbaya. Akapiga picha, akapiga tena, akanishukuru.

Bwana Pettifer alikuwa na darubini. Akatazama kwa muda. Akasema kwa sauti ya chini, Alamin, hao ndege hawatikisiki. Nikasema wanapumzika, sir. Akatazama tena. Akaikunja darubini, akaitia mfukoni, akamtazama mkewe alivyokuwa anacheka peke yake na kamera. Basi tusiwasumbue, akasema.

Wakati wa kurudi nilijiona fundi. Kufika nyumbani ufundi ukanishuka. Mama alikuwa kizingitini, amevaa kanga mpya, amekaa tu, uso kaelekeza ziwani – Mastura atakuwa amemwonyesha ni upande upi. Kanga ya rangi ya waridi. Kaileta toka Mombasa, Mastura aniambia, ili afanane nao.

Alhamisi, 24 Februari

Nimefanya.

Saa kumi na moja na nusu nikawachukua, mama na Mastura, nyuma ya gari. Mastura hakuniuliza nina nia gani na mimi sikumwambia. Jua lilikuwa pale pale nilipolitaka. Nikaegesha karibu na ukingo, nikafungua mlango. Mama akatoka na fimbo yake na kanga yake.

Rangi ikaja. Wallahi sijawahi kuiona nzuri hivyo. Kutoka miguuni petu mpaka vilima vya ng'ambo, waridi tupu. Mama akainua uso. Lile jicho la kulia likafunguka mpaka machozi yakatoka. "Yaa Rabi," akasema. "Yaa Rabi, rangi ile."

Mastura akanishika shati nyuma. Sikujua kama ananishukuru au anataka kunichana.

Tukasimama. Upepo ulikuwa umetulia. Nikawa nasema moyoni, sasa turudi, sasa, rangi haikai. Ndipo mama akasema, na hakumwambia Mastura, aliniambia mimi, kwa jina:

"Alamin. Mbona hawasemi?"

Sikuwa nimeufikiria mlio! Ndege wale wakiwa pamoja ni soko. Wanaguna, wanazozana, usiku kucha, nilipokuwa kijana hapa walikuwa wanatuzuia kulala. Niliwaeleza hata kwenye arusi, nakumbuka, nikaigiza, watu wakavunjika mbavu. Na pale hapakuwa na sauti yoyote ila injini ya gari ikipoa, tik, tik.

Mdomo wangu ukasema wenyewe: "Wamelala, mama."

"Wote?"

Nikatazama viatu vyangu.

Akavua makubadhi. Mastura akamwambia mama, matope. Mama akashuka ukingoni kwa fimbo, akakanyaga, na chini kukavunjika kama papadi. Akapiga hatua nyingine. Kraa. Akainama, akachukua kipande, akakipeleka ulimini. Akakaa nacho mdomoni kama mtu anayeonja mchuzi.

"Magadi," akasema.

Rangi ikawa inaondoka. Kukaanza kuwa kijivu.

Aliokota vipande vingine, akavifunga kwenye ncha ya kanga yake mpya, akapanda mwenyewe, akakataa mkono wangu, akaupata mlango wa gari kwa kupapasa. Akiwa ndani ndipo akasema, na sasa alimwambia Mastura, ingawa nilikuwa usukani mbele yake:

"Mwambie mumeo, kinachonitoka ni macho. Akili bado iko."

Mastura hakunipelekea. Haikuwa na haja.

Ijumaa, 25 Februari

Mama kimya. Mastura kimya. Kuku wanasema.

Mchana tumekula maharagwe. Yaliiva upesi ajabu, laini kama siagi. Nikauliza yametiwa nini. Mastura: "Ndege wako."

Nimekula nikamaliza.

Msikitini leo khatibu alisema Rajabu umeingia, watu watengeneze ya kwao. Nilihisi ananitazama. Halafu nikaona mwashi wa jirani naye kainamisha kichwa, na muuza nyama pia. Hapo nikapoa kidogo.

Jambo la maana: nje ya hoteli kulikuwa na lori la mkonge, limeharibika taa, Kiprugut analishughulikia. Dereva wake Kipkemboi, mtu wa huko kwao Kiprugut. Nikamwuliza, kama ninavyomwuliza kila mtu siku hizi, hata wauza viazi. Akasema ndugu yake anachunga mbuzi juu ya ziwa la Hannington, lile wao wenyewe wanaloliita Bogoria. Ndugu kamwambia ndege wamejaa. Lini? Siku zile. Siku zipi? Akakuna kidevu. "Zile mbuzi yake ilizaa." Mbuzi alizaa lini? Hapo Kipkemboi akacheka mpaka akashika lori.

Sasa! Elmenteita nilikwenda jana asubuhi na wageni, kuna mwari wachache, ndege wa mdomo wa mfuko, na kiboko mmoja mwenye hasira. Bogoria ni mbali, njia ni mawe, na ndege wanaweza kuwa waliondoka mbuzi akiwa bado na mimba. Nikimpeleka mama huko akakuta tena magadi?

Na nisipompeleka?

Nimekwenda kwa memsahibu wa hoteli kuomba Jumapili na gari. Akaniuliza la nini. Nikamwambia nataka kwenda kuona flamingo. Akavua miwani. Akasema, Alamin, huwa unakwenda kuona flamingo kila siku, ninakulipa kwa hiyo. Nikasema ndiyo, lakini safari hii mimi ndiye mgeni. Akanipa boksibodi la zamani, lile la kuchukulia mboga, akasema likifa nilisukume mpaka nyumbani.

Kiprugut kalitia maji, mafuta, na maneno fulani ya lugha ya kwao ambayo hakutaka kuyatafsiri.

Jumapili, 27 Februari – asubuhi, kabla ya kutoka

Mastura haendi! Nimemwambia jiandae. Yuko kitandani, kajifunika. Nikauliza unaumwa? Akasema haumwi, kachoka. Kachoka nini? "Kazi ya mjumbe. Mimi nimepeleka maneno yenu miaka yote tangu unioe. Nimeyapunguza chumvi, nimeyaongeza sukari, na mwisho nimeyaharibu. Leo ongeeni wenyewe."

Nikamwambia haiwezekani, nitasema nini naye njia yote ile? Akafunua shuka kidogo, jicho moja likaonekana, kama mama yake mtupu.

"Mwambie unachoona. Si ndiyo kazi yako?"

Mama yuko nje tayari, ndani ya boksibodi, kiti cha nyuma, kati ya matenga ya kabichi. Kakaa wima. Kavaa ile kanga.

Jumapili hiyo hiyo – njiani

Gari limechemka. Liko juu ya mawe, boneti wazi, linapumua. Daftari hili lilikuwa ndani ya koti langu, nimekaa kwenye kivuli cha mgunga, mama yuko kwenye mkeka hatua chache kutoka hapa. Nimemimina debe lote la maji kwenye rejeta, limekunywa kama ngamia. Ni kungoja tu. Niandike, la sivyo nitazunguka gari hili mpaka nichimbe njia.

Kizuizini, pale pa kutokea mjini, askari kijana alichungulia. Mnakwenda wapi? Nikasema Bogoria. Kufanya nini? Kuangalia ndege. Akanitazama, akatazama kabichi, akamtazama mama. "Mzee, watu wanatafuta njia ya kujificha, nyinyi mnatafuta ndege?" Mama akajibu kutoka nyuma, kabla yangu: "Mwanangu, ukiwaona wewe tuambie, tutarudi zetu." Askari akacheka, akainua mti.

Baada ya hapo kimya. Kimya mpaka nikasikia kila nati ya gari. Nikakumbuka neno la Mastura. Nikakohoa. Nikasema, kwa ile sauti yangu ya wageni, maana nyingine sikuwa nayo: kushoto kwetu, mama, ni mkonge.

Kimya.

Kulia ni mkonge.

Halafu: "Na mbele?"

"Mkonge, mama."

Akacheka! Kicheko chembamba, kama cha Mastura akiwa hataki nijue. "Arusini ungesema nini hapo?" akauliza. Nikasema arusini ningesema ni jeshi la mashujaa, mikuki juu, wanangoja amri. "Na leo?" Leo ni mkonge. "Haya," akasema. "Endelea hivyo hivyo."

Basi nikaendelea. Nikamwambia kila kitu na sikukitia chochote. Mbuzi watatu, mmoja kilema. Mwanamke na kuni. Mlima wenye rangi ya ngozi ya ndovu – akanikatiza, ndovu umemwona wapi wewe? – nikasema mlima wa kijivu. Mti umekauka. Mti mwingine umekauka. Sijawahi kuieleza njia vibaya hivyo, na sijawahi kusikilizwa hivyo. Kuna mahali aliniuliza, Alamin, una umri gani sasa? Nikamwambia kipara kimefika kisogoni. Akasema aliniona mara ya mwisho nikiwa na nywele. Nikatambua kwamba tangu arusi ya kwangu mwenyewe hatujawahi kutazamana. Na sasa haiwezekani tena.

Nikamwambia pale pale, macho barabarani. Nikasema mama, nisamehe ya juzi. Na huko tuendako sijui kama wapo. Nimesikia kwa mtu aliyesikia kwa mchunga mbuzi. Huenda ni magadi tena.

Gari likapanda, likashuka, likagonga jiwe. Ndipo akasema, "Magadi ninayo. Ya mwaka mzima." Na baada ya kitambo, "Usinionyeshe tena kitu wewe mwenyewe hukioni."

Halafu rejeta ikaanza kulia.

Sasa ni mchana. Joto limekaa chini kama kifuniko. Mbele yetu ardhi inateremka, na chini kule ndiko ziwa linakopaswa kuwa, lakini kuna ukungu wa joto, mweupe, mzito, umeziba bonde lote. Nimesimama juu ya tenga la kabichi, nimekaza macho mpaka yakaniuma. Sioni maji. Sioni rangi. Nimemwambia hivyo: mama, naona ukungu tu. Akasema vyema.

Amesimama sasa. Ameshika fimbo, shingo kaipinda.

"Unasikia?" ananiuliza.

Nimezuia pumzi. Masikio yangu yameshiba injini, huwa yanavuma hata nikilala. Nasikia gari. Nasikia nzi. Labda kuna kitu chini kule, mngurumo, labda. Nimemwambia ukweli: mama, Bogoria kuna chemchemi za maji ya moto, yanachemka na kufoka, nayo yana sauti. Inawezekana ni hayo.

"Mimi nimepika umri wangu wote," amesema. "Sauti ya sufuria naijua. Hii si sufuria."

Anavua makubadhi yake. Kayapanga vizuri juu ya mkeka, kama mtu anayeingia ndani ya nyumba. Anateremka! Fimbo mbele, kanga inapepea, kaishika njia ya mbuzi bila kuitafuta. Nimeita, mama, mawe! Mama, ngoja gari lipoe! Hakugeuka.

Sasa naiona kanga tu, inaingia ukunguni. Ananiita.

"Alamin! Wewe unaandika nini huko? Njoo, lete macho."